NYUMBA NJEMA: Pima Ukuta Kwanza, Ndipo Ukoroge Saruji

Wasomaji wetu wengi waliojenga nyumba za mawe hupenda kubandika vigae katika ukuta wa jikoni. Ni shauri jema, maana kigae hakinywi mafuta kama lipu, na moshi ukikishika hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Lakini vigae ni mali, na vikiisha kushikwa na saruji havibanduki bila kuvunjika. Kwa hiyo kazi kubwa si kubandika, bali ni kupanga.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Ukuta wangu, juu ya meza ya kuoshea vyombo, una upana wa sentimita 255. Nilinunua vigae vyenye upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 40. Fundi alipofika asubuhi nilimwambia aanze mara moja, nami nikaenda zangu kazini. Akaanzia pembe ya kushoto, na alipofika kulia akakuta imebaki nafasi ya sentimita 3 tu. Vipande vyembamba vile vilimvunjikia mkononi kimoja baada ya kingine, hata vigae vikapunguka. Nikarudi dukani kununua vingine, navyo vilikuwa vyeupe kwa weupe mwingine, wakaonekana wageni kati ya wenzao. Mke wangu alitazama, akaniuliza, "Baba watoto, kwani ukuta huu ulikuwa na safari ya kwenda wapi?" Sikumlaumu fundi; haraka ilikuwa yangu.

Basi yafaa ufanye hivi. Panga vigae kadhaa sakafuni, ukiacha milimita 2 kati ya kimoja na kingine. Chukua ubao mwembamba ulionyooka, utie alama ya kila kigae na kila kiungo. Ukiuegemeza ubao huo ukutani, utaona kila kigae kitaangukia wapi kabla hujakoroga hata kijiko cha saruji.

Kisha tafuta katikati ya ukuta, uteremshe timazi na kupiga mstari. Jaribu kwanza kuweka kiungo juu ya mstari huo. Katika ukuta wangu vingeingia vigae 5 kila upande, na kila pembe ingebaki na kama sentimita 1 na nusu, jambo lililo baya zaidi. Sasa sogeza, kigae chenyewe kikae katikati ya mstari. Vitaingia 9 vizima, na kila pembe itapata kipande cha sentimita 14. Kanuni ni hii: kipande cha pembeni kikiwa chini ya nusu ya kigae, sogeza mpango wako kwa nusu ya kigae.

Tena, usiamini kwamba meza imelala sawa. Tumia pimamaji, utafute mahali palipo chini kuliko pote. Kutoka hapo pima kimo cha kigae kimoja, upige mstari uliolala sawa ukuta mzima, na upigilie ubao mnyoofu chini yake. Safu ya pili ndiyo hubandikwa kwanza, ikiketi juu ya ubao. Saruji ikikauka, ubao huondolewa, na vigae vya safu ya chini hukatwa ili vifuate meza.

Katika kununua, hesabu kwa safu, si kwa eneo peke yake. Safu 3 zina kimo cha kama sentimita 120. Kwa eneo, vigae 31 vingeonekana kutosha. Lakini vipande viwili vya sentimita 14 havitoki katika kigae kimoja cha sentimita 25. Basi kila safu yataka vigae 11, na jumla ni 33. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vitakavyovunjika, upate 37. Vinunue vyote siku moja, na uhakikishe kwamba namba ya rangi katika kila katoni ni moja.

Mwisho, kabla fundi hajaitwa, muulize yule apikaye. Yeye ndiye ajuaye rafu itakaa wapi, mafuta huruka mpaka wapi, na tundu la umeme linatakiwa upande gani. Tundu likiisha kukatwa katika kigae halihamishiki.

Kazi hii yote ya kupima haizidi saa moja au mbili za jioni. Mimi sikuzitoa saa hizo, na ukuta wangu ungali vile vile. Kila ninapokunywa chai jikoni, macho yangu huenda yenyewe kwenye ule mstari mwembamba wa kulia.