Wanandoa Wasio na Watoto: Tusiwaachie Wafanyabiashara



Likizo iliyopita, baadhi yetu tukiwa parokiani kwa mazoezi ya kichungaji, tuliombwa kuzungumza na jumuiya ndogo ndogo moja kuhusu sakramenti ya ndoa. Mwishoni tukakaribisha maswali. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza, "Frateri, hivi kupandikiza mimba ni dhambi?" Tulimjibu sawasawa, kama ambavyo tungemjibu mwalimu wa teolojia ya maadili kwenye mtihani wa mdomo. Tukataja hati ya Kanisa, tukataja mwaka wake, tukatoa sababu mbili. Haikuchukua hata dakika mbili. Mama akashukuru, akaketi. Wakati wa kurudi, katekista akatuambia kuwa mama yule ana miaka kumi na mmoja katika ndoa, na kwamba katika jumuiya nzima ni yeye peke yake kati ya akina mama anayeitwa kwa jina lake la ubatizo. Wenzake wote ni mama fulani. Yeye hana wa kuitiwa.

Jibu letu halikuwa na kosa. Lakini tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza ni nani wengine wanaomjibu mama huyu, na wanamtoza kiasi gani.

Wapo wengi. Yupo mganga. Yupo nabii mwenye chupa ya mafuta na namba ya simu ya kutumia sadaka. Na sasa ipo biashara kubwa ya kimataifa, yenye maabara safi, wataalamu waliosoma kweli na matangazo ya watoto wanaotabasamu. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia, kwa sababu inakua haraka, na kwa sababu wengi wetu tunaotarajia kuwa mapadre tunaijua kwa jina tu.

Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham nchini Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili wa mama. Kazi hiyo ilifanywa na mwanasayansi Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati wenzake wawili wakiwa wamekwisha kufariki. Kufikia mwaka 2018 wataalamu walikadiria kuwa watoto zaidi ya milioni 8 walikuwa wamezaliwa kwa njia hii, ambayo wengi huiita IVF. Tuseme wazi mapema: kila mmoja wao ni mtoto wa Mungu, mwenye heshima ileile kama sisi. Baadhi yao wamebatizwa katika parokia zetu, na huenda wengine wanasoma ukurasa huu. Kanisa halina neno baya juu yao, na frateri atakayewazungumzia kana kwamba walitengenezwa kiwandani atakuwa hajaelewa mafundisho anayodai kuyatetea.

Kilichobadilika tangu Oldham ni mwenye mali. Mwaka 2013 kampuni ya kliniki za uzazi iitwayo Virtus Health iliingia katika soko la hisa la Australia, na mwaka uliofuata ikafuatwa na Monash IVF. Mwaka 2019 Jinxin Fertility ya China iliingia katika soko la Hong Kong, na Progyny ya Marekani katika soko la Nasdaq. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kampuni ya uwekezaji ya KKR inanunua IVIRMA, mtandao mkubwa wa kliniki wenye asili ya Hispania, kwa thamani iliyoripotiwa kuwa kama euro bilioni 3. Wanunuzi wa namna hiyo hununua chochote chenye faida. Hawana chuki na mtu, wala huruma ya pekee kwa mtu. Wanachotaka ni kwamba mwaka ujao mapato yawe makubwa kuliko mwaka huu.

Na hapo ndipo shida inapoanzia, maana katika biashara hii kushindwa nako kunalipiwa. Takwimu za mamlaka ya serikali ya Uingereza inayosimamia kliniki hizi zinaonyesha kuwa mwaka 2022, kwa wanawake wa miaka 18 hadi 34, kila viinitete 100 vilivyowekwa tumboni vilileta watoto hai kama 35. Kwa wanawake wa miaka 43 na 44 waliotumia mayai yao wenyewe, ni kama 5. Uingereza takwimu hizi hutolewa hadharani, na hiyo ni heshima yao. Lakini mtu aliyekwisha kuuza shamba kwa ajili ya jaribio la kwanza hafikirii takwimu anapoambiwa kuwa safari hii mambo yalikaribia. Huuza na pikipiki. Fundi akijenga ukuta ukaanguka, utamdai. Jaribio la mimba likishindwa, kwa kawaida humdai mtu, na dawa, vipimo na kitanda umekwisha kuvilipia.

Soko likizoea wagonjwa, hutafuta na wasio wagonjwa. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kuuita ugandishaji wa mayai kuwa jambo la majaribio. Miaka miwili tu baadaye, Facebook na Apple zikatangaza kuwagharimia wafanyakazi wao wa kike wanaotaka kugandisha mayai. Binti wa miaka thelathini, mzima wa afya, huambiwa afanye kazi kwanza, uzazi utamsubiri kwenye barafu. Hakuna anayeweza kumhakikishia kuwa utamsubiri. Tungetamani kuona kampuni inayotangaza kwa fahari ileile kuwa mfanyakazi akizaa akiwa na miaka 27 hatapoteza cheo chake.

Kisha kuna viinitete vinavyobaki. Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Ili kuongeza uwezekano wa kufanikiwa, mayai kadhaa hurutubishwa kwa pamoja, kimoja au viwili huwekwa tumboni, na vingine hugandishwa. Marekani pekee inakadiriwa vipo zaidi ya milioni moja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 iliweka kikomo cha miaka mitano ya kuvihifadhi, na kikomo hicho kilipofika, Agosti 1996, viinitete kama 3,300 viliyeyushwa na kutupwa kwa sababu wazazi wake hawakupatikana au hawakujibu barua. Mwaka huohuo Mtakatifu Yohane Paulo II aliwasihi wanasayansi waache kuvizalisha. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 ilipochunguza nini kifanyike na vile vilivyokwisha kuwapo, ilikiri kuwa huo ni udhalimu ambao kwa kweli hauna utatuzi. Si mara nyingi hati ya Roma huandika hivyo. Tulipoisoma darasani, mwalimu alifunga kitabu, na kwa muda hakuna aliyesema kitu.

Habari ya kukodi tumbo la mwanamke mwingine tunaigusa kwa kifupi, maana ubaya wake unaonekana upesi. Nchi moja ikifunga mlango, biashara huhamia nyingine. Thailand ilifunga mwaka 2015, India ikapiga marufuku ya kibiashara kwa sheria ya mwaka 2021. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, ulimwengu uliona picha za watoto wachanga zaidi ya 40 wamelazwa kwa safu katika hoteli mjini Kyiv, Ukraine, wakisubiri waliowaagiza. Januari 2024 Papa Fransisko aliwaomba mabalozi waliokusanyika Vatikani kwamba jambo hili lipigwe marufuku duniani kote.

Mtu atatuambia, "Hayo ni ya Ulaya na Marekani." Hapana. Kliniki za upandikizaji zipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na wateja wake ni waamini wetu pamoja na watu wengine wote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbana na ugumba katika maisha yake: asilimia 17.8 katika nchi tajiri, na asilimia 16.5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uchungu basi unakaribiana kila mahali, ila mifuko haikaribiani. Kwa mwalimu wa shule ya msingi jaribio moja ni mshahara wa miezi mingi, na kwa kawaida bima haigusi.

Sasa turudi kwa swali la mama yule, tena katika sura yake ngumu zaidi, ambayo sisi mafrateri hupenda kuikwepa. Tuseme mume na mke wamefunga ndoa kanisani. Yai ni la mke, mbegu ni za mume, kinatengenezwa kiinitete kimoja tu na hakuna kitakachotupwa. Je, hata hapo? Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 ililichukua swali hilohilo, na ikajibu kuwa hata hapo haikubaliki. Sababu yake ni kwamba mtoto anastahili kutokana na tendo la wazazi wake la kujitoana wao kwa wao, si kutokana na ufundi wa mtu wa tatu ambaye hupima, huchagua na kuidhinisha. Hakuna mtu mwenye haki ya kumpata mtu mwingine kama anavyopata mali. Mtoto ni zawadi, na mwenye haki ni yeye mtoto. Sisi tunaliamini fundisho hili. Wala hatujifanyi kuwa ni jepesi. Kwa mwanamke ambaye wifi zake wamekwisha kumtafutia mumewe mke mwingine, ni msalaba wenye uzito wake, na anayeutangaza kutoka altareni bila kuutia bega ni afadhali angenyamaza.

Tunasema hivyo kwa sababu hati hizohizo zina ukurasa wa pili ambao hausomwi mara nyingi. Zinasema tiba inayoondoa kizuizi ili mume na mke wazae kwa tendo lao wenyewe ni halali na ni ya kutiwa moyo: kuzibua mirija, kuondoa uvimbe kwenye kizazi, dawa za kurekebisha homoni, upasuaji wa mishipa iliyovimba kwenye korodani. Zinahimiza pia utafiti wa kuzuia ugumba. Daktari Thomas Hilgers alianzisha taasisi kwa kazi hiyo huko Omaha, Marekani, mwaka 1985. Wanandoa John na Evelyn Billings wa Australia walitumia maisha yao kuwafundisha wanawake kutambua siku zao za rutuba kwa kuangalia ute, ujuzi usiohitaji mashine yoyote, na ambao katika semina nyingi za ndoa hapa kwetu hutajwa kwa sentensi moja kabla ya chakula cha mchana.

Katika sehemu zetu za Afrika jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mirija iliyoziba mara nyingi ni matokeo ya maambukizi ambayo hayakutibiwa mapema: kisonono, klamidia, usaha uliobaki baada ya kujifungua au mimba kuharibika, kifua kikuu cha kizazi. Maambukizi hayo yana dawa, nayo yakigunduliwa mapema humalizika kwa gharama ndogo. Kanisa lina hospitali kama Bugando na ile ya Mtakatifu Fransisko Ifakara, lina zahanati hadi huko ambako lami haijafika. Haliwezi kushindana na KKR kwa fedha, lakini kwa dozi ya kisonono inayotolewa kwa wakati, kwa mume na mke pamoja, linaweza.

Tumesema mume na mke pamoja. Karibu nusu ya matukio ya ugumba yana sababu upande wa mwanamume pia, lakini anayezungushwa hospitali hadi hospitali ni mke, huku mume akisema yeye hana tatizo. Kipimo cha mbegu ni miongoni mwa vipimo rahisi na vya bei ndogo kuliko vyote. Neno hili halihitaji daktari kulisema. Paroko analiweza, na likitoka kwake huenda mume akalisikia. UWAKA nao wana mikutano kila mwezi, tena ajenda huwa hazijai.

Mambo mengine ni yetu wenyewe, wala hayahitaji bajeti. Siku ya akina mama, wazazi wanaitwa mbele kubarikiwa, na wawili watatu wanabaki kwenye mabenchi wakiangalia vitabu vya nyimbo. Katika mahubiri ya harusi tunawaombea maharusi watoto kana kwamba ndoa bila watoto haijakamilika, jambo ambalo Kanisa halijafundisha kamwe. Na kuna wanandoa waliokwisha kupita kliniki, wakapata mtoto au wakakosa, ambao wanaogopa kitubio kwa sababu wanahisi tutawafokea.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Hana aliomba hekaluni midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa, akamkaripia. Lakini alipomsikiliza aligeuza kauli yake, akamwacha aende kwa amani. Eli alikuwa kuhani mzee, mwenye uzoefu wa miaka mingi. Sisi hatujapata hata ushemasi.

Mwezi wa sita tutarudi katika parokia ileile. Tumemwomba katekista amuulize mama yule kama yeye na mumewe wangependa tuwatembelee nyumbani, na kama wangependa, muuguzi wa zahanati ya parokia afuatane nasi. Tunasubiri jibu lake.