Nyonyo ina soko, lakini mashudu yake ni hatari kwa mbwa

Mnyonyo, ambao sehemu nyingine huitwa mbarika au mbono, si mgeni kwa mkulima. Huota wenyewe kando ya barabara na nyuma ya nyumba. Wapo wanaoupanda kwa ajili ya mafuta, na wapo wanaopanda aina yenye majani mekundu kupamba bustani. Swali ni je, mmea huu ni salama pale penye mbwa?

Jibu ni hapana. Mbegu zake zina sumu kali iitwayo risini. Mbwa akimeza mbegu nzima, ganda lake gumu huweza kumnusuru. Akiitafuna, sumu hutoka. Hutapika, huharisha, pengine damu, na kulegea. Dalili huweza kuonekana baada ya saa chache au hata siku ya pili. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hiyo. Daktari wa mifugo hupambana na dalili tu, hivyo kuchelewa ni hatari.

Hata hivyo, kwa mtazamo wa kiuchumi hatari kubwa zaidi haiko kwenye mti, bali kwenye mashudu. Mbegu ya nyonyo ina mafuta kati ya asilimia 40 na 50. Maana yake ni kwamba katika gunia la kilo 100, zaidi ya nusu hubaki kuwa mashudu baada ya kukamua. Risini haiyeyuki katika mafuta, hivyo hubaki humo humo.

Mafuta yana wanunuzi wa uhakika: viwanda vya sabuni, rangi, vilainishi vya mitambo na dawa. India ndiyo inayoongoza duniani kwa uzalishaji. Mashudu nayo ni mbolea nzuri yenye nitrojeni nyingi, na mkamuaji hupenda kuyauza ili kufidia gharama. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Faida huenda kwa muuzaji, lakini hasara humwangukia mnunuzi au jirani ambaye mbwa wake amefukua bustani. Mbwa akifa, mwenye zizi au duka amepoteza mlinzi, na kuajiri mlinzi wa usiku ni gharama ya kila mwezi. Ng'ombe, mbuzi na kuku nao hudhurika.

Kuacha zao hili si lazima. Kinachotakiwa ni kuiweka hatari hiyo katika hesabu. Mkulima avune vichala kabla havijapasuka na kutawanya mbegu, na aanike ndani ya uzio. Mashudu yafukiwe vizuri ardhini, wala yasichanganywe na unga wa mifupa au mabaki ya dagaa, kwa kuwa harufu yake huwavuta mbwa. Mfanyabiashara aandike wazi juu ya gunia kwamba ni mashudu ya nyonyo, ni mbolea, si chakula cha mifugo. Asiyaweke pamoja na mashudu ya alizeti au pamba.

Mnunuzi naye asikubali gunia lisilo na maandishi kwa sababu tu ni la bei nafuu. Na anayetaka pambo la bustani tu, achague ua jingine. Mnyonyo wa mapambo haumwingizii hata shilingi, ilhali hatari yake ni ile ile.