Hesabu ya Mdomoni na Hesabu ya Shimoni

Mwenye nyumba wa Gitega au Muyinga akiulizwa namna ya kutenga taka, hujibu bila kusita: maganda ya ndizi, makapi ya maharagwe na majivu huenda kwenye shimo la mboji, plastiki, makopo na vipande vya chupa huwekwa kando. Jibu ni sahihi. Lakini shimo nalo lina jibu lake, na mara nyingi majibu hayo mawili hayalingani.

Mboji inapotandazwa shambani, jembe hufichua ambayo mdomo haukuyataja: kizibo cha chupa, kipande cha wembe, pakiti ya chumvi, mawe ya tochi yaliyokwisha nguvu. Hakuna aliyedanganya. Mtu hukumbuka ganda aliloliweka mahali pake kwa makusudi. Hakumbuki uchafu uliofagiliwa alfajiri na kuzolewa wote pamoja. Tena, anayejibu ni baba au mama, na anayebeba ndoo huenda ni mtoto ambaye hakuelezwa kitu.

Amri ya Rais ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Burundi, ikaanza kutekelezwa Februari 2020, baada ya muda wa miezi 18. Hata hivyo, vifungashio vya bidhaa za viwandani na vya dawa havikuguswa. Hivyo ndivyo vinavyojificha katika taka za jikoni.

Madhara yake si madogo. Mbuzi akimeza plastiki, tumbo huziba. Wembe hukata mguu wa mtoto. Mawe ya tochi huvuja kemikali katika udongo unaootesha mboga za familia.

Askari haulizwi kama bunduki yake ni safi, bunduki hukaguliwa. Shimo nalo likaguliwe. Jumamosi, baada ya kazi za maendeleo, ichotwe ndoo moja ya taka, imwagwe chini na kuchambuliwa kwa kijiti, si kwa mikono mitupu. Kabla ya kuhesabu visivyooza, kila mmoja nyumbani ataje idadi anayoitarajia. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo somo.

Kisha viwekwe vyombo viwili karibu na meko, maana taka ikishachanganyika ni shida kuitenga. Mawe ya tochi yawe na kopo lake lenye mfuniko, mbali na watoto.

Juma lifuatalo ndoo ihesabiwe tena. Idadi ikipungua, nyumba imejifunza. Isipopungua, mbeba ndoo aelezwe upya, kwa upole.