Luku moja, wapangaji sita: kabla hujahama chumba, soma hapa

Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake. Moshi ipo, Mombasa ipo, Nairobi ipo, na sisi huku Mpanda tunayo. Leo naongelea Majengo hii ya kwetu, maana ndiyo nimehama juzi, na hasira bado ninazo.

Tuanze na picha kubwa kidogo. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, na Mpanda ikawa makao makuu. Tangu hapo wamekuja watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa mpunga na mahindi, wachimbaji wadogo wa dhahabu, walimu wapya, wanafunzi wa vyuo. Wote hao wanataka pa kulala. Wenye viwanja Majengo, Makanyagio, Nsemulwa na Kawajense wakafanya hesabu rahisi: nyumba moja ya familia, ukiongeza vyumba vya nyuma, inakaa wapangaji sita. Sio dhambi, ni biashara. Tatizo ni kwamba vyumba viliongezeka, mita ya umeme ikabaki ile ile moja.

Sasa hapo ndipo vita vinapoanzia. Choo cha shirika tunavumilia. Zamu ya kufagia uwanja tunasukumana lakini inafagiwa. Jirani anayefungulia redio saa kumi na moja alfajiri, unajifunika shuka mpaka kichwani. Geti linalofungwa saa nne usiku hata kama umetoka kazini, unapiga simu unabembeleza. Lakini LUKU jamani! LUKU imevunja urafiki mwingi kuliko mapenzi.

Kwetu tulikuwa tunachanga sawa. Umeme ukikata, kila chumba kinatoa. "Nani hajatoa?" Kimya. Mmoja anasema yeye hakuwepo wiki nzima, alikuwa Inyonga. Mwingine anasema pasi ya fulani ndiyo inamaliza umeme. Basi tunakaa giza siku mbili kwa sababu ya elfu mbili ya mtu mmoja.

Wengi wetu tunadhani ugomvi ni wa roho mbaya. Mimi nilikaa chini na kalamu nikagundua sehemu kubwa ni ya hesabu. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, nyumba ya matumizi madogo, yaani isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, inalipa shilingi 100 kwa yuniti. Ukiwa mtumiaji wa kawaida wa kundi linalofuata unalipa shilingi 292, kabla ya VAT na makato mengine. Sasa chukua vyumba sita, kila kimoja kinatumia wastani wa yuniti 25. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 2,500. Lakini kwenye mita moja hizo ni yuniti 150, na mita inahesabiwa ni ya tajiri. Mara 292 unapata 43,800. Gawa kwa sita, kila mtu 7,300. Karibu mara tatu! Yaani ile bei nafuu aliyowekewa mtu wa kipato cha chini, sisi wenyewe ndio walengwa, na hatuipati kwa sababu tumerundikwa kwenye mita moja.

Na hapa nikiri kosa langu. Mimi nilikuwa na friji dogo na spika kubwa. Chumba cha mwisho anakaa mama mmoja anauza vitumbua asubuhi, yeye ana taa moja na chaji ya simu. Labda yuniti tano kwa mwezi. Angekuwa na mita yake angelipa shilingi 500. Alikuwa anachanga sawa na mimi. Kila nikilalamika mwenye nyumba ananionea, yule mama alikuwa ananilipia friji. Siku niliyomwambia alicheka tu, akasema, "Mwanangu, mimi nilijua siku nyingi. Ila ukisema sana unaonekana mkorofi, unatafutiwa sababu unaondolewa." Nilikosa la kujibu.

Kuna jambo la pili. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Kwa vyumba sita kila mtu anaona ni hela ndogo, ndiyo maana hakuna anayeuliza. Serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba waelewane wenyewe. Sasa niambieni, mtu uliyemlipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, utaelewana naye kwa nguvu ipi? Hela yako tayari anayo.

Hiyo miezi sita ndiyo mzizi wa yote. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji unaendeshwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na makubaliano yenu. Na makubaliano yetu huku yakoje? Ya mdomo, labda na karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Mimi nilikaa miezi minne, kazi ikanihamisha. Nikaomba hela ya miezi miwili, elfu sitini. Baba mwenye nyumba akaniambia, "Kijana, uliona wapi hoteli inarudisha hela?" Nikakasirika sana, lakini nikisoma vizuri, hakuwa mjinga. Kama mlikubaliana miezi sita na hamkuandika chochote kuhusu kuondoka mapema, huna pa kushika.

Kwa hiyo wadau, haya ndiyo ya kuondoka nayo:

Moja, andikisheni notisi. Kama mnalipana kwa mwezi na hamkutaja muda, notisi isipungue mwezi, kwa pande zote mbili. Hata yeye hawezi kukutolea vyombo nje leo kwa leo.

Mbili, andikeni hela iliyobaki inarudishwaje. Mstari mmoja tu ungeniokolea elfu sitini.

Tatu, kodi ya jengo ikatwe kwenye kodi ya chumba. Tunza meseji za LUKU, zinaonyesha makato.

Nne, mita ndogo ya kila chumba inaleta haki kati yenu, lakini bei haishuki, maana TANESCO bado wanaona mita moja. Dawa kamili ni kila chumba kuwa na LUKU yake, na hiyo lazima mwenye nyumba aombe. Mwendeeni wote sita kwa pamoja, msimwachie mmoja aitwe mkorofi.

Tano, mkishindwana, baraza la kata linasuluhisha. Tangu mwaka 2021 halitoi tena hukumu, kazi yake ni usuluhishi. Ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mimi elfu sitini nimesamehe. Siku ya kuhama nilimwachia yule mama hela ya umeme ya mwezi mmoja. Haifiki hata nusu ya deni langu kwake.

Je, kwenu mnagawanaje LUKU? Nawasilisha.