Historia Yetu Haikuanza 1906

Vijana wapendwa wa Koni, tunakataa somo linaloanza na Union Minière, kana kwamba kabla ya 1906 hakuna aliyeijua shaba hapa. Wahenga wa Wasanga waliyeyusha jiwe la kijani kwa makaa ya miti, wakamimina shaba katika kalibu za msalaba, ikawa fedha ya biashara.

Tunakataa vilevile ukimya juu ya 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa, maelfu wakalala stesheni ya Likasi wakingoja gari la moshi. Mwalimu anayenyamazia hayo hatulindi. Anafunika kidonda kibichi. Na amwalike darasani mzee ajuaye habari za tanuri, amwalike na aliyefukuzwa. Tuwasikilize wote wawili, kisha ndipo tuzungumze juu ya upatanisho.