Haki ya Kupunga Upepo

Kuna dhana iliyokita katika fikira za wengi wetu ya kwamba Uingereza ni London, na kwamba mgeni aliyekwisha kusimama mbele ya saa kubwa ya Westminster na kuwaona askari wa mfalme wakipokezana zamu amekwisha kuiona nchi, hata akirejea kwao hana la kusimulia isipokuwa habari za maduka na baridi. Dhana hiyo naipinga, nami naipinga kwa sababu iliyo nzito kuliko starehe ya msafiri. Nchi ile imekumbatiwa na bahari kiasi kwamba hapana kijiji ndani yake kilicho baidi na ufuo kwa zaidi ya takriban kilomita 113. Na ni ufuoni, wala si katika makasri na masoko, inakosomeka kwa uwazi zaidi habari ya jinsi mtu wa kazi, aliyezaliwa bila shamba wala cheo, alivyoipata haki ya kupumzika. Mwenye kwenda huko hata kwa siku moja, akaenda kwa macho na moyo, atapata furaha, na pamoja na furaha atapata hoja ya kuja nayo nyumbani.

Mwanzo wa jambo hili haukuwa wa kila mja. Mnamo mwaka 1626 mwanamke wa Scarborough, katika jimbo la Yorkshire, aitwaye Elizabeth Farrow, aligundua chemchemi iliyobubujika chini ya jabali la ufuoni, na maji yake yakasifiwa kuwa ni shifaa, hata mji ule wa wavuvi ukawa makimbilio ya matajiri wenye maradhi. Baada ya zaidi ya karne moja, mwaka 1750, tabibu Richard Russell alitoa risala kwa Kilatini juu ya manufaa ya maji ya bahari katika kutibu maradhi ya tezi, akawaagiza wagonjwa wake si kuyaoga tu bali hata kuyanywa. Ndipo wenye mali wakaanza kushindana kwenda pwani, wakiingizwa majini ndani ya vibanda vya mbao vyenye magurudumu, vilivyokokotwa na farasi, ili wazame na kuibuka katika sitara bila ya kutazamwa na watu. Bahari, ambayo kwa mvuvi ilikuwa shamba na kwa baharia ilikuwa njia, kwa tajiri ikawa dawa, nayo dawa ile haikuwa ya maskini.

Brighton ni shahidi wa zama hizo na wa zama zilizofuata. Mwana wa mfalme aliyekuja kutawazwa kwa jina la George wa Nne aliupenda mji huo, na baina ya miaka 1815 na 1822 mjenzi wake John Nash akamgeuzia nyumba yake ya ufuoni kuwa kasri la ajabu, lenye makuba na minara ya kuiga majumba ya Hindi kwa nje, na nakshi za mtindo wa Kichina kwa ndani. Lakini ya kustaajabiwa zaidi kuliko makuba ni yale yaliyofuata: mwaka 1850, Malkia Victoria alipokuwa hana raghba nalo tena, watu wa mji walilinunua kasri hilo kwa pauni 53,000, na tangu siku hiyo likawa mali yao. Katika Vita Kuu ya Kwanza lilifanywa hospitali, wakauguzwa humo askari wa Kihindi waliojeruhiwa huko Ufaransa. Leo mgeni yeyote mwenye tikiti huingia katika ukumbi aliokuwa akila mfalme pamoja na wageni wake wateule, na akitoka hutembea dakika chache tu akafika ufuo wa changarawe ambako haulizwi tikiti wala nasaba. Hapo pia huweza kupanda gari moshi dogo la umeme la Volk, lililoanza kazi mwaka 1883, ambalo ndilo kongwe kuliko yote ya umeme yanayotembea hata sasa duniani.

Ni nini basi kilichowatoa watu wa kawaida mijini mwao wakafika baharini? Kwanza ni reli, iliyofika Brighton mwaka 1841 na Blackpool mwaka 1846, ikapunguza safari ya kutwa nzima kuwa ya saa chache na nauli ikashuka hadi mfukoni mwa mtu wa mshahara. Walakini reli ingewafaa nini watu wasiokuwa na siku ya kuipanda? Pili, na hili ndilo kubwa, ni sheria. Mwaka 1871 Bunge, kwa juhudi za mbunge Sir John Lubbock, lilipitisha sheria ya siku za mapumziko ya benki, ikawekwa na Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Agosti, wakati wa jua, kuwa siku ya watu kupumua. Katika miji ya pamba ya Lancashire ilikuwako ada ya kila mji kufunga viwanda vyake kwa juma zima wakati wa kiangazi, na waendesha mashine wakaondoka kwa pamoja, jamaa na majirani, kwenda pwani. Ila juma hilo halikuwa na malipo, na kila mtu aliweka akiba ya senti zake mwaka mzima katika vyama vya kuweka na kuchanga ili asirudi na deni. Ilichukua mpaka mwaka 1938 ndipo ikapitishwa sheria iliyoyapa mabaraza ya mishahara uwezo wa kuwapangia wafanyakazi likizo yenye malipo. Kwa hiyo mtoto anayechimba mchanga kwa kijikoleo katika mji wa pwani wa Skegness yuko pale kwa sababu watu walisema, wakadai, wakaandikiwa sheria.

Blackpool ndio mji ulioinuliwa na senti hizo za wafanyakazi, na mwenye kuudharau kwa makelele yake amesahau ulijengwa kwa ajili ya nani. Mnara wake, uliofunguliwa mwaka 1894, unasimama mita 158, nao ulijengwa kwa kufuata mfano wa ule wa Paris. Na chini yake mna ukumbi wa dansi uliopambwa kwa dhahabu na picha za darini, uliokusudiwa mfumaji wa pamba aingie kwa kiingilio kidogo akacheze mahali pazuri kama pale palipochezewa na mabwana. Mji huo uliwasha taa za umeme ufuoni mwaka 1879, na mwaka 1885 ukaanzisha tramu za umeme, ambazo hata leo zinapita kando ya bahari. Kila mwaka, majira ya joto yanapoanza kuaga na wageni kupungua, mji huwasha mapambo ya taa kwa masafa ya kilomita takriban kumi, na kuyatazama hakuna ada. Mgeni akitaka kuwaona Waingereza wa kaskazini katika furaha yao, wakila samaki na chipsi katika karatasi huku shakwe wakiwanyemelea, na aende huko.

Sharti pia ayatazame yale magati marefu ya matembezi ambayo ni fahari ya pwani ile. Asili ya magati hayo ni maji kupwa na kujaa. Meli za abiria hazikuweza kukaribia fuo ambazo maji yakitoka huacha matope ya masafa marefu, basi watu wakaifuata meli huko iliko kwa kusimamisha nguzo baharini, na baadaye wakaona kuwa kutembea juu ya maji bila kuingia chomboni ni raha iliyo kamili yenyewe. Southend, karibu na mlango wa mto Thames, ina gati lenye urefu wa mita 2,158, refu kuliko magati yote ya matembezi duniani, na gari moshi dogo hupita juu yake kuwachukua waliochoka. Gati la Clevedon, lililofunguliwa mwaka 1869 kwenye mlango wa mto Severn, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa ni miongoni mwa zile kubwa kabisa ulimwenguni, liliporomoka sehemu yake mwaka 1970 lilipokuwa likipimwa nguvu. Wengi waliona ya nini kupoteza fedha kwa chuma cha wazee. Watu wa mji wakakataa, wakachanga na kutetea kwa miaka mingi, hata likasimama tena.

Fauka ya miji, iko pwani isiyojengwa, na hiyo nayo imebaki hivyo kwa kulindwa. Mwaka 1965 shirika la hifadhi la National Trust lilianza kampeni ya kukusanya fedha za kununua fuo na majabali kabla hayajauzwa viwanja, na leo linatunza mamia ya maili ya pwani kwa manufaa ya umma. Kusini-magharibi iko njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Minehead hadi bandari ya Poole, ambayo chanzo chake ni nyayo za walinzi wa pwani waliokuwa wakipita juu ya majabali kuwavizia wafanya magendo. Na mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kufungua njia ya kuzunguka pwani nzima ya nchi, yenye urefu wa takriban maili 2,700, pamoja na haki ya kupita katika ardhi iliyo baina ya njia hiyo na bahari. Sheria hiyo ina busara moja ninayoihusudu: jabali likimeguka na kuangukia baharini, kama yanavyomeguka yale meupe ya Seven Sisters huko Sussex, njia yaweza kusogezwa ndani, wala haki ya mpitaji haimeguki pamoja na jabali.

Katika pwani ya Dorset na mashariki ya Devon, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, tabaka za mawe zinaonyesha historia ya ardhi ya miaka milioni 185, na huko Lyme Regis mtu yeyote aweza kuokota kisukuku kilichoangushwa na mvua. Alikuwako hapo Mary Anning, aliyezaliwa mwaka 1799, binti wa seremala maskini, ambaye tangu utotoni aliuza visukuku kwa wageni wa pwani ili apate riziki, akafukua mifupa ya wanyama watambaao wa bahari ambao wanavyuoni walikuwa hawajawajua. Wanavyuoni wakanufaika na kazi yake, ilhali chama chao cha jiolojia hakikuwakubali wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1919, naye alikwisha kufa tangu 1847. Mwaka 2022 mji wake ulimsimamishia sanamu. Kumjua bibi huyo ni sababu ya kutosha ya kufika Lyme.

Na kaskazini kabisa, Northumberland, kiko kisiwa kitakatifu cha Lindisfarne, alikoweka makao Mtakatifu Aidan mwaka 635. Barabara ya kwendea kisiwani hufunikwa na maji mara mbili kwa siku, na saa za kuvukia hutangazwa. Hata hivyo hawakosekani wenye magari wanaodhani bahari itawasubiri. Msomaji wa pwani yetu, ajuaye bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi, hahitaji kuhimizwa kuitii ratiba hiyo, bali namhimiza ajue jingine: ufuoni kuoga ni pale baina ya bendera za nyekundu na manjano, ambako walinzi huangalia. Wengi wa walinzi hao, pamoja na mashua za uokozi, ni wa taasisi iliyoasisiwa mwaka 1824, inayoendeshwa kwa sadaka za watu, na mabaharia wake aghalabu ni watu wa kujitolea.

Najua nitaambiwa kwamba pwani hiyo imechakaa: kwamba tangu ndege za bei nafuu zilipoanza kuwachukua Waingereza kwenda Hispania, na reli nyingi ndogo zikafungwa kufuatia ripoti ya mwaka 1963, hoteli nyingi zimefifia, na umaskini umeingia katika miji hiyo, Blackpool ikiwamo, kwamba hata maji ya bahari hutiwa taka za mabomba mvua ikizidi. Yote hayo ni kweli, wala sitayafunika. Lakini itazamwe ni nani wanaoyalalamikia: ni waogaji, watembezi na vijana wa kuteleza mawimbini, ambao huko Cornwall waliunda chama chao cha kupigania usafi wa bahari tangu mwaka 1990. Ufuo wenye wenyewe hupata wa kuutetea. Ufuo uliozungushiwa ukuta huharibika mbele ya macho ya watu, na watu wakanyamaza kwa kuwa hawajawahi kuukanyaga.

Hapa ndipo hoja inapotugusa. Sisi tumejaaliwa mchanga mweupe na maji ya uvuguvugu, na watu wetu wanaujua utamu wa kupunga upepo. Mwenye shaka na atazame jioni za Forodhani, Unguja, au za Jumapili Coco Beach, Dar es Salaam, na ufuo wa umma wa Mombasa. Walakini vichochoro vya kushukia pwani vinazidi kuzibwa na kuta. Tanzania imekwisha kuwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Kilichobaki ni njia ya mtu kufika katika mita hizo. Mkahawa na hoteli havina dhambi, maana vinaleta kazi. Dhambi ni mtoto aliyezaliwa hatua mia kutoka baharini kukulia nyuma ya ukuta. Kila halmashauri ya pwani na izipime njia za umma za kufika ufuoni, iziandike katika ramani zake na kuzitangaza, kabla hakijatolewa kibali kingine cha ujenzi. Waingereza waliuacha ufuo wao uzingirwe sehemu nyingi, ikawalazimu kutunga sheria ya mwaka 2009 na kujadiliana na wenye mashamba kipande kwa kipande kwa miaka mingi ili waupate. Sisi njia zetu nyingi bado tunazikumbuka zilipopita, na kuzilinda leo ni rahisi kuliko kuzidai kesho.