Acheni Kuchuja Kutu Kwa Shawa

Wasee, hii itauma mafundi wengine lakini wacha niseme. Kile kipande cha stokingi umefunga kwa shawa ndio kutu isikuangukie kichwani hakisaidii booster yako. Kinakufichia ukweli tu.

Naongea kuhusu kuni booster. Kama umekulia Nairobi kwa shawa ya stima, ni hivi: ni mtungi wa chuma unaokaa nje ya nyumba, moto wa kuni katikati, maji yamezunguka moto, bomba la moshi juu. Maji baridi yanashuka kutoka kwa tangi na kuingia chini, ya moto yanatokea juu yanaenda bafu. Huku Malava, asubuhi ya mvua, hiyo kitu ni heshima.

Na ni sisi vijana tunazinunua. Msee akishika doo ya kwanza mjini anatuma nyumbani wazazi wawekewe booster, mathe aache kubeba sufuria ya maji moto kutoka jikoni hadi bafu. Poa sana. Siku ya kwanza kuna video, shawa inatoa mvuke, komenti zimejaa moto. Lakini hakuna mtu huposti maji ya miezi kadhaa baadaye, yakiwa rangi ya strungi.

Hapo ndipo watu huanza kuchuja kwa shawa. Swali langu ni moja: hiyo kutu imetoka wapi? Chuma kikikutana na maji na oksijeni kinageuka kutu. Kwa booster, maji mapya yanaingia kila siku na oksijeni yake, kwa hivyo kazi haiishi. Ile unga unashika kwa stokingi, mara nyingi, ni ukuta wa booster yako ukipungua. Unachuja pesa uliyotuma.

Najua kuna mwenye atasema, "Buda, ni madini tu, kuoga nayo haikuui." Kweli, kuoga na kutu haikuui. Shirika la Afya Duniani linasema chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita kinaanza kuchafua nguo. Hiyo ni shida ya shati jeupe. Shida yangu ni kutu yenye haifiki kwa shawa. Inazama chini ya booster, inaganda pale karibu na moto, na joto halipiti vizuri kwenda kwa maji. Unachoma kuni zaidi, maji yanachelewa, na chuma cha hapo kinapata moto kupita kiasi. Kinatoboka.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitajifanya injinia. Lakini Malava tuko na somo la boila mlangoni. Kiwanda cha West Kenya kiko hapa Kabras, na viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kupata mvuke. Boila ya kiwanda hulishwa maji yaliyotibiwa, oksijeni imepunguzwa, na uchafu unaokaa chini unamwagwa kila mara kupitia valvu. Hakuna mtu anangoja uchafu ufike mwisho wa paipu ndio afunge kitambaa.

Sasa angalia booster ya kwenu. Iko na valvu ya kumwaga uchafu pale chini kabisa? Nyingi za jua kali nimeona hazina. Na hiyo ndiyo maoni yangu, bila kuzunguka: booster bila valvu ya chini ni kazi nusu, na usimlipe fundi salio mpaka aiweke.

Kabla ya kulaumu booster, fanya hivi. Chota maji baridi kwa chupa moja safi, ya moto kwa nyingine. Zote zikiwa na rangi, shida iko kwa tangi, paipu au kisima. Ya moto peke yake? Shika booster. Halafu acha ile ya baridi ikae. Kuna maji ya kisima yanatoka safi kabisa, baadaye yanageuka kahawia kwa sababu chuma kilikuwa kimeyeyuka ndani. Hiyo hata chujio la wavu haliishiki kabla haijageuka.

Chujio lina mahali pake, na ni upande wa baridi, kati ya tangi na booster. Weka lile la umbo la Y lenye wavu unaotoka ukaoshwa. Linashika majani, mchanga na takataka za mabati kabla ziingie. Usinunue lile la plastiki lenye katriji laini sana. Tangi likiwa mita 3 juu linakupa presha ya kama baa 0.3 tu, katriji inaweza kuinyonga yote. Na lazima wavu uoshwe, kwa sababu ukiziba na moto unawaka, booster inabaki bila maji.

Paipu ya kutoa tangini pia iwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, matope yabaki chini.

Ile valvu ya chini, fungua mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, booster ikiwa baridi. Acha maji yatoke mpaka yawe safi. Usijaribu ikiwa moto, utaungua.

Na hii nawaomba tafadhali: upande wa moto kuna paipu ya kupumua, inapanda kupita tangi na kubaki wazi. Usiiwekee chujio, kitambaa wala valvu. Mvuke ukikosa pa kutokea, hatuongei tena kuhusu kutu, tunaongea kuhusu mlipuko karibu na ukuta wa bafu la mathe.

Valvu moja na chujio moja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na booster mpya. Kwa hivyo leo pigia mtu wa nyumbani simu, mwambie, "Hebu angalia chini ya booster, kuna mahali pa kumwaga?" Jibu likiwa hapana, niandikie hapa chini fundi alikuambia nini. Nataka kusikia hizo sababu.